Nukta tatu na gunia la ziada: jinsi R inavyopokea hoja za fanksheni

Msimu mmoja nilijumlisha mavuno ya kikundi cha wakulima kwa R, lugha ya programu ya kuchakata takwimu, na jumla yangu ikazidi daftari lao kwa gunia moja. Nilirudia kwa mkono mara mbili. Daftari lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimefupisha jina la hoja, yaani kile unachoipa fanksheni (amri kama `sum`) ndani ya mabano, na R haikusema neno. Tangu siku hiyo kila ninayemfundisha R huanza na somo hili, kabla hata ya kuchora grafu. Fungua R, tuende pamoja.

Hatua ya 1: Lione kosa lenyewe

```r
mavuno <- c(12, 15, 9)
sum(mavuno, na.rm = TRUE)   # 36
sum(mavuno, na = TRUE)      # 37
```

`sum` hujumlisha, na `na.rm = TRUE` huiambia iache `NA`, yaani nafasi zisizo na taarifa. Kwenye mstari wa mwisho nimeifupisha kuwa `na`. Hakuna onyo wala maandishi mekundu. Gunia la 37 ni lile neno `TRUE`: R huhesabu `TRUE` kuwa 1, ikalijumlisha pamoja na mahindi. Sasa jaribu ufupisho uleule kwenye wastani:

```r
mean(c(12, NA, 9), na = TRUE)   # 10.5
```

Huku umekubalika, na jibu ni sahihi. Hapo ndipo watu wengi hunaswa: mazoea yaliyofanya kazi kwenye `mean` huyapeleka kwenye `sum`.

Hatua ya 2: Tazama nukta tatu zimekaa wapi

```r
args(sum)
# function (..., na.rm = FALSE)
args(mean.default)
# function (x, trim = 0, na.rm = FALSE, ...)
```

Unapoita fanksheni, R hugawa ulichoandika kwa zamu tatu. Kwanza hutafuta majina yanayolingana herufi kwa herufi. Kisha hukubali vifupisho, mradi kifupisho kimoja kisielekee kwenye hoja mbili. Vinavyobaki bila jina huvipanga kwa nafasi, wa kwanza kwa wa kwanza.

Nukta tatu (`...`) ni kapu: hupokea chochote kilichokosa mwenyewe. Na kanuni ya kushika ni hii: hoja iliyoandikwa baada ya nukta tatu haikubali kufupishwa. Kwenye `mean.default`, yaani `mean` inavyofanya kazi kwa namba za kawaida, `na.rm` iko kabla ya kapu, kwa hiyo `na` iliitambulisha. Kwenye `sum` iko baada yake, kwa hiyo `na = TRUE` ilitumbukia kapuni pamoja na magunia. `paste` nayo iko hivyohivyo:

```r
paste("Moshi", "Arusha", se = "-")    # "Moshi Arusha -"
paste("Moshi", "Arusha", sep = "-")   # "Moshi-Arusha"
```

Hatua ya 3: Nafasi nazo zina mtego

```r
max(12, 15, 9)    # 15
mean(12, 15, 9)   # 12
```

Wastani wa namba hizo ni 12 kweli, lakini hapa ni bahati tu. Badilisha 9 iwe 90, utapata 12 ileile. `mean` inataka vekta moja, yaani mfululizo wa thamani uliofungwa kwa `c()`, basi ilichukua 12 kuwa data, 15 ikaenda kwenye `trim`, na 9 kwenye `na.rm`. Andika `mean(c(12, 15, 90))` na utapata 39.

Hatua ya 4: Soma ukurasa wa msaada mpaka mstari wa pili

Andika `?mean`. Sehemu ya Usage huanza na `mean(x, ...)`, na wengi huishia hapo. Shuka chini kidogo, kwenye mstari wenye `trim` na `na.rm`, hizo ndizo hoja zinazofanya kazi kwenye vekta ya kawaida. Kisha soma Arguments: `trim` ni sehemu ya data inayokatwa kila upande, kuanzia 0 hadi 0.5, na thamani iliyozidi hapo huvutwa hadi ncha iliyo karibu. Ndiyo maana 15 yetu ilipita bila kulalamikiwa.

Hatua ya 5: Washa onyo

```r
options(warnPartialMatchArgs = TRUE)
```

Iweke kwenye faili lako la `.Rprofile`, ambalo R hulisoma kila inapoanza. Itakuonya kila ufupisho unapokubaliwa, kama ule wa `mean`. Ule wa `sum` haitaukamata, kwa sababu kwa R pale hakuna ufupisho wowote uliotokea. Dawa yake ni kuandika jina zima.

Hatua ya 6: Andika fanksheni inayojieleza

```r
#' Fupisha mavuno kwa namba moja
#' @param x Vekta ya namba, magunia kwa kila shamba.
#' @param njia "wastani" au "jumla". Usipotaja, ni wastani.
#' @param ondoa_na TRUE huacha mashamba yasiyo na taarifa.
fupisha <- function(x, njia = c("wastani", "jumla"),
                    ondoa_na = FALSE) {
  njia <- match.arg(njia)
  if (njia == "wastani") mean(x, na.rm = ondoa_na)
  else sum(x, na.rm = ondoa_na)
}
```

Sikuweka nukta tatu kwa makusudi. Mtu akiandika `fupisha(mavuno, na = TRUE)`, R itagoma palepale na kumwambia hoja hiyo haitumiki. Akiomba njia isiyokuwepo, `match.arg` itamtajia zilizopo. Maelezo ya `@param` yaandike siku hiyohiyo. Ukiwa ndani ya pakiti (mkusanyo wa fanksheni uliopangwa pamoja), `roxygen2::roxygenise()` huyageuza kuwa ukurasa wa `?fupisha`.

Hatua ya 7: Rudi kwenye faili za zamani

```r
grep("\\bna *= *T", readLines("mavuno.R"), value = TRUE)
```

Amri hii hutafuta kila mstari wenye `na = T`. Weka jina la faili lako. Mimi nilipata mistari miwili zaidi, yote miwili ndani ya `sum`, nikapiga simu kwa kikundi siku hiyohiyo.