Ukiambiwa "tuma kwanza": fanya haya kabla hujaweka namba ya siri

Huu ni mwaka wa saba nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu, na mteja anayetapeliwa huwa namjua kabla hajanisalimia. Simu iko sikioni, haikatwi, na mimi ananiongelesha kwa ishara za vidole. Juzi alikuja mama mmoja wa hivyo. Alitaka nimwekee 48,000 atume mahali. Mkopo wake wa milioni mbili eti umeshapita, imebaki "ada ya bima" tu. Juzi yake alishatuma 20,000 ya fomu.

Hatua ya 1: Kata simu. Usimwambie tapeli asubiri, kata. Anakung'ang'ania hewani ili usipate upenyo wa kumuuliza mtu. Mama alisita: "Watafuta jina langu, mwisho saa kumi." Alipokata, walimpigia mfululizo mpaka nikacheka. Mimi nina deni benki na hawajawahi kunitafuta kwa bidii hiyo.

Hatua ya 2: Tazama pesa inaelekea wapi. Wewe ndiye unayepewa, mbona wewe ndiye unayetoa? Mkopeshaji mwenye ofisi akiwa na ada, huikata kwenye mkopo au hukupa risiti. Hapokei kwenye laini ya mtu. Kazi nazo ni vivyo hivyo: kuomba ajira za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira hakuna malipo, kwa hiyo anayetaka "ya fomu" au "ya usaili" anakula nauli yako. Zawadi ya bahati nasibu ambayo hukucheza, sina la kusema. Wale wa "jiunge Freemason uwe tajiri" pia wanaanza na ada, na utashangaa wangapi wanalipa.

Hatua ya 3: Soma jina. Hapa ndipo wengi wanapita mbio. Ukishaweka namba na kiasi, menyu inakuletea jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri. Nilimwambia mama aniandikie jina la huyo afisa mikopo kwenye karatasi, kisha aingize namba. Kwenye karatasi alikuwa mwanaume. Kwenye simu likaja jina la mwanamke. Akabonyeza kughairi mwenyewe.

Ila jina likilingana nalo lisikutulize, maana laini nyingine zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasio na habari. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Hatua ya 4: Watafute wewe. Usitumie namba waliyokupa. Nenda ofisini, au angalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mtu akijiita wa mtandao wa simu, kata, kisha piga wewe 100, huduma kwa wateja.

Hatua ya 5: Ripoti. Usijibu ujumbe wake. Usambaze kwenda 15040, ukiulizwa namba iliyoutuma, iandike.

Kama umeshatuma: piga huduma kwa wateja hapo hapo, kabla ya kwenda kulia kwa jirani. Pesa ikiwa bado haijatolewa inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa, kazi ni kubwa. Usifute ujumbe wa muamala, una namba ya kumbukumbu, na polisi watauhitaji ukienda kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako kituoni.

Halafu jiandae kwa simu ya pili. Namba ya aliyekwisha kulipa mara moja ni mali kwao. Yule mama siku ya pili alipigiwa na "afande wa makosa ya mtandao": ile 20,000 imepatikana, atume 10,000 ya kuifungulia jalada. Alikuja kibandani kunisimulia. Safari hii simu ilikuwa ndani ya pochi, imezimwa.