Jinsi ya kukagua gitaa la umeme la bei nafuu kabla hujatoa hela

Juzi nimemsindikiza kijana wa kwaya Kariakoo kutafuta gitaa la solo. Alikuwa keshalipenda moja jekundu, linang'aa, bado lina nailoni kwenye plastiki ya mbele. Tukarudi na jingine la kahawia, limechubuka begani, na njia nzima ananiuliza kwa nini. Majibu nimeyaweka hapa kwa ajili ya yeyote anayekwenda dukani bila mtu wa kumshika mkono.

Msimamo wangu niuseme mapema: kwenye gitaa la bei ya chini unanunua shingo. Pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zinabadilishwa, swichi inabadilishwa, vikaza nyuzi vinabadilishwa, na rangi haijawahi kupiga wimbo. Shingo ikiwa mbovu, hakuna kifaa utakachofunga kikaliokoa hilo gitaa.

Vya kubeba

Waya wako wa jeki unaoujua kuwa mzima, simu yenye programu ya kutyuni, rula ya chuma, tepu ya chuma ya seremala, na kadi ya benki iliyokwisha muda. Multimita ukiwa nayo, ibebe. Waya wa dukani usiutegemee hata kidogo. Nusu ya magitaa yanayoitwa "mabovu" ubovu wake uko kwenye waya.

Hatua ya 1: Kichwani pameandikwa nini

Squier ni ya Fender na Epiphone ni ya Gibson; ndizo laini zao za bei nafuu, na nyingi zinatengenezwa Indonesia na China. Hakuna aibu hapo. Namba ya Squier inayoanza na ICS, kwa mfano, ni ya kiwanda cha Cort huko Indonesia, na kazi yao ni safi kwa bei yake. Yamaha Pacifica na Ibanez za GIO ziweke kwenye kundi hilohilo.

Tatizo ni gitaa lililoandikwa Gibson linalouzwa bei ya Epiphone. Kwenye Gibson halisi, kile kifuniko kidogo cha kichwani kinachoziba mdomo wa chuma cha shingo kina skrubu mbili. Bandia nyingi zina tatu. (Kwa Epiphone kipimo hiki hakifai.) Muuzaji akikuambia "orijino hiyo kaka, mzigo wa Ulaya", mwitikie tu kisha endelea kukagua. Bandia si lazima iwe mbovu kupiga, ila usilipie jina.

Hatua ya 2: Lityuni

E A D G B E, ya kawaida. Nyuzi zikiwa na kutu omba zibadilishwe, au nunua seti ya namba 9 au 10 ukazifunge hapohapo. Nyuzi zilizokufa zitakudanganya kwenye kila hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Shingo

Hapa usiharakishwe na mtu. Kaa chini, gitaa mapajani.

Anza na mpindo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, vinahesabiwa kutoka kichwani) kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili, kwenye freti ya 16 au 17. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula iliyonyooka. Tazama katikati, freti ya 7 au 8: kati ya uzi na freti kuwe na upenyo mdogo sana, kama milimita 0.2 hadi 0.3. Ukigonga uzi pale katikati kwa kidole unasikia kijisauti cha "tik". Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Usipokuwepo kabisa, huenda imepinda kwenda nyuma.

Yote mawili kwa kawaida yanarekebishika kwa trasi rodi, yaani chuma kilichomo ndani ya shingo. Kwa hiyo usilikatae gitaa kwa sababu ya mpindo peke yake. Swali ni kama chuma kinafanya kazi. Omba ruhusa, kizungushe robo mzunguko kwa ufunguo wa pembe sita. Mara nyingi ni wa milimita 4 au 5. Kuna zinazotumia vipimo vya inchi, na ufunguo usiokaa sawasawa utakula pembe za ndani, basi mlango umefungwa. Kulia kunakaza na kunyoosha, kushoto kunalegeza. Ukizungusha na shingo ikajibu, uko salama. Ukikuta imekazwa mpaka mwisho na mpindo bado upo, rudisha gitaa ukutani. Ikizunguka bila kukupa upinzani wowote usiseme haraka kwamba imekatika: chuma cha aina inayofanya kazi pande zote mbili kina sehemu ya katikati ambapo huwa huru. Endelea kidogo mpaka ishike. Isiposhika upande wowote, ndiyo imekufa.

Muuzaji akikataa usiguse trasi rodi, ni haki yake, gitaa bado ni lake. Mwambie aizungushe yeye. Akikataa na hilo, bei ishuke.

Kisha rudia kipimo kilekile kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba. Upenyo wa uzi wa sita na wa kwanza ukitofautiana sana, shingo imejisokota. Hakikisha kwa jicho: geuza gitaa uangalie kutokea chini, darajani (pale nyuzi zinapokalia mwilini), kuelekea kichwani, na ulinganishe mstari wa freti za mwisho na mstari wa freti za mwanzo. Mistari inatakiwa ilale sambamba. Msokoto hauponi kwa trasi rodi. Nimeona watu wakiupasha joto na kuubana kwa vyuma. Kwa gitaa la laki mbili tatu, gharama hiyo haina maana.

Sasa sehemu inayowaumiza wapiga sebene kuliko wote. Sisi huku tunaishi juu ya freti ya 12, na sauti ni safi, hakuna distoshen (ule mkwaruzo wa makusudi wa roki) ya kuficha uchafu. Magitaa mengi ya bei nafuu yana kilima kule mwisho wa shingo: freti za 15 kwenda juu zimeinuka, kwa sababu mbao imejikunja pale ilipofungwa kwenye mwili. Kuna gitaa la mteja lilininyima usingizi kwa hili. Lilikuwa likikoroma kuanzia freti ya 14. Nikarekebisha mpindo, likakoroma. Nikapandisha nyuzi darajani, freti za chini zikawa ngumu na juu bado linakoroma. Nyuzi mpya, vilevile. Usiku umeingia ndipo nikaweka rula ya chuma juu ya freti, nikaona mwanga chini yake kote, isipokuwa kule mwisho ilikokalia.

Kabla hujalihukumu gitaa la namna hiyo, uliza kama shingo imewahi kufunguliwa. Shingo za skrubu nne mara nyingine huwekewa kipande cha karatasi au kadi ndani ya shimo lake ili ibadili pembe, na kipande kikikaa upande mmoja mbao hujikunja taratibu juu yake. Lile la mteja lilikuwa na kipande cha boksi la sigara, kimekunjwa mara mbili. Nilikitoa, kilima kikapungua, freti chache nikazisugua, likapona. Lakini siyo kila kilima kina boksi la sigara chini yake. Shingo iliyogundishwa kwa gluu, kama za mtindo wa Les Paul ya Gibson, haina njia hiyo ya mkato. Hapo ni kung'oa au kusugua freti, na fundi anayejua kusugua freti bila kuziharibu si wa kila mtaa.

Freti moja moja zipime kwa kadi ya benki. Ukingo wa kadi ulalie freti tatu, siyo nne, kisha ujaribu kuuchezesha. Ukicheza, freti ya kati iko juu. Upande mrefu wa kadi unafaa kwa freti tatu za mwanzo na ule mfupi kwa za katikati. Kule juu freti zimebanana, ndiyo maana nimesema kadi iliyokwisha muda, ikate kipande. Ukipata freti iliyo juu, ibonyeze kwa kidole gumba. Ikizama na kurudi, imelegea tu: tone la gluu na nyundo ndogo ya plastiki. Freti mbili za hivyo si kitu. Zikiwa kumi, hesabu gharama ya kusawazisha shingo nzima.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, mbao imekauka na kusinyaa, chuma kimebaki na urefu wake. Gitaa lililokaa Dar mwaka mzima ukalipeleka Dodoma kiangazi litakuonyesha jambo hili vizuri. Ni kazi ya tupa na msasa, haiui gitaa.

Neno la mwisho kuhusu kukoroma. Mkoromo unaousikia sikioni lakini hautoki kwenye spika, achana nao. Na gitaa la dukani kwa kawaida halijawahi kurekebishwa na mtu tangu litoke kwenye boksi. Usikatae kwa sababu linakoroma, kataa kwa sababu umejua linakoroma kwa nini na hakuna wa kulitibu.

Hatua ya 4: Freti ya 12

Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, utoe ile sauti ya kengele. Sasa ubonyeze palepale. Tyuna ya simu ionyeshe noti ileile. Uliobonyezwa ukiwa juu, kile kipande cha darajani kinachobeba uzi kirudishwe nyuma. Ukiwa chini, kisogezwe mbele. Kazi ya bisibisi. Angalia tu kama skrubu bado ina nafasi. Kwenye magitaa yasiyo na jina nimekuta kipande kimerudi mpaka mwisho na noti bado iko juu: daraja lilifungwa pasipo mahali pake. Pima kwa tepu kutoka kwenye kipande cheupe kilicho kabla ya kichwa mpaka freti ya 12, zidisha kwa mbili. Mtindo wa Fender ni milimita 648, wa Gibson karibu 628. Nyuzi zinatakiwa kukalia daraja hapo au zaidi kidogo, si pungufu.

Hatua ya 5: Kile kipande cheupe

Kule juu kabla ya kichwa kuna kipande cheupe chenye mifereji, mafundi tunakiita nati. Gitaa lisilokaa kwenye tyuni, watu hulaumu vikaza nyuzi na kununua vipya. Mara nyingi kosa liko hapa. Ukikaza uzi ukasikia "ting", uzi unakwama kwenye mfereji na kuruka. Sugua penseli kwenye mfereji, ujaribu tena. Mfereji uliokaa juu sana, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za mwanzo zinaumiza vidole na zinapanda noti. Tupa ndogo inamaliza. Uliochimbwa kupita kiasi, nati mpya. Bado ni rahisi.

Hatua ya 6: Umeme

Chomeka waya wako. Swichi zote, volumu zote. Ikikwaruza ukizungusha, ni vumbi, kuna dawa ya kupuliza. Pikapu za koili moja huvuma, hasa chini ya taa za dukani. Hiyo ni asili yake. Shika nyuzi: mvumo ukipungua, vizuri. Usipobadilika, waya wa ardhi wa daraja umekatika. Ukiongezeka, mtu alifunga jeki kinyume.

Mwenye multimita apime kwenye ncha ya waya wa jeki, volumu ikiwa imefunguliwa yote: koili moja hucheza kati ya kiloomu 5 na 7, hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, 7 na kuendelea. Isiposoma kitu, kuna mkato. Namba kubwa haina maana ya sauti nzuri.

Na mpini wa kuyumbisha noti? Kwenye gitaa la bei hii, sitaki. Hasa ile mifumo inayoelea na kufungwa nati kwa skrubu: chuma chake ni laini, kinalika, na kuityuni kabla ya ibada ni adhabu. Chukua daraja lisilotembea. Ukilazimika kuchukua la Strato (Stratocaster, mtindo wa Fender), ziba nyuma kwa kipande cha mbao lisitembee.

Hatua ya 7: Bei

Ulizia kwanza bei ya modeli hiyohiyo ikiwa mpya, maana mtumba wa Squier mara nyingine hutajiwa bei ya mpya. Kisha toa gharama: nyuzi, nati, freti, swichi. Kama muuzaji anasema laki nne na fundi wako atataka themanini, wewe anzia laki tatu, na umwonyeshe kwa kadi ile freti inayocheza. Maneno hayamshushi, kadi inamshusha. Gitaa lisilo na jina likiwa na shingo nzuri nalichukua bila wasiwasi, ila kwa bei ya chini zaidi, kwa kuwa siku ya kuliuza hakuna atakayekuuliza habari za shingo. Kiamplifaya cha wati 10 wanachokufungia pamoja, omba kitolewe na bei ipungue. Kanisani mna spika.

Ukishalipa, kabla hujatoka, omba ufunguo wa trasi rodi, kifuniko cha plastiki cha nyuma na skrubu zake. Karibu kila mara viko kwenye droo ya kaunta.