Kualisha mjeledi: kupata mlio wa kwanza bila kujichapa sikio

Mjeledi unalia bila kugusa chochote. Mlio hutokea pale kitanzi kinachokimbia kwenye mjeledi kinapofikia kasi ya sauti, ambayo hewani ni kama mita 343 kwa sekunde. Mkono wa mtu haufiki huko na hauhitaji kufika. Kazi yake ni kutengeneza kitanzi kimoja safi, kisha kukiacha kibiringike kuelekea nchani. Kadiri mjeledi unavyopungua unene, ndivyo kitanzi kinavyoongeza kasi. Mwaka 2002 Alain Goriely na Tyler McMillen wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha kwa hesabu kwamba ni kitanzi hicho kinachotoa mlio. Kwa hiyo anayetegemea misuli huambulia mvumo na maumivu ya bega.

Anza na mjeledi wa futi 6 hadi 8, yaani mita 1.8 hadi 2.4. Wa futi 10 na kuendelea huchosha, na mfupi sana hauupi mkono muda wa kujirekebisha. Wa nailoni unatosha kabisa kujifunzia, tena hauogopi unyevu kama wa ngozi. Kagua sehemu zake nne: mpini, msuko unaopungua unene, ulimi (ukanda mmoja usiosukwa, kama sentimita 60), na kishungi cha uzi mwishoni. Kamba yenye unene uleule mwanzo hadi mwisho usihangaike nayo.

Vaa miwani ya usalama, kofia pana, shati la mikono mirefu na viziba masikio. Miwani si hiari. Pima urefu wa mjeledi pamoja na mkono, kisha acha nafasi mara mbili ya hiyo kila upande na juu, pasiwe na mtu wala mnyama. Fanyia kwenye nyasi, kwa sababu saruji na changarawe hula ulimi haraka.

Kabla ya kurusha, shika mpini uache mjeledi uning'inie. Mijeledi mingi hujipinda kuelekea upande mmoja. Geuza mpini ili mpindo huo uelekee mbele, na uushike hivyo siku zote. Ukirusha kinyume chake, kitanzi hupindapinda na kufa njiani.

Sasa mlio wa mbele. Kama unatumia mkono wa kulia, tandika kamba chini, nusu mita kulia kwako, ikielekea mbele. Hiyo ndiyo njia ya mjeledi, kwenda na kurudi. Nyoosha mjeledi mbele yako juu ya kamba hiyo, mguu wa kushoto ukiwa mbele kidogo. Shika mpini kidole gumba kikiwa juu, bila kuukaba. Inua mkono taratibu ukiwa karibu umenyooka, mpaka mpini uelekee juu, kisha usimame. Mjeledi utapita juu na kunyooka nyuma yako. Kabla haujaanza kuanguka, shusha mkono mbele na usimamishe mpini ukiwa sambamba na ardhi. Kusimama huko ndiko wengi hukosa: mkono ukiendelea hadi gotini, kitanzi kinafunguka mapema na ulimi unakuja kujizungusha miguuni.

Masikio yatakuambia kosa liko wapi. Mlio ukitokea nyuma ya kichwa, umeharakisha, nawe punguza mwendo mara moja maana kishungi kiko karibu na sikio. Ukisikia ulimi ukigusa nyasi nyuma, umechelewa. Ukisikia mvumo tu, mara nyingi mkono wa kwenda juu umekuwa wa kasi na wa kurudi mbele umelegea. Inatakiwa kinyume chake. Ukichapwa mgongoni au shingoni, angalia kamba yako ya chini: mkono umehama kutoka upande na kuingia juu ya kichwa. Hapo hakuna haja ya kuongeza nguvu, rudisha njia kwanza.

Mlio wa juu ya kichwa usiujaribu mpaka wa mbele utoke mfululizo bila kubahatisha. Mkono huwa juu kabisa, mjeledi unazungushwa bapa juu ya kichwa, kisha mkono unageuza mwelekeo ghafla ili kitanzi kizaliwe. Hatari yake ni kupunguza kasi katikati ya mzunguko, kwani mjeledi uliopoa huanguka usoni. Kama mzunguko umeharibika, uache uende mbele mbali nawe, usiuvute.

Kishungi huchakaa haraka na hilo ni kawaida, ila usirushe mjeledi bila hicho: ulimi wenyewe utaanza kupasuka. Kukitengeneza ni rahisi. Chukua nyuzi kadhaa za nailoni za urefu wa kama nusu mita, zisokote pamoja mpaka zianze kujikunja zenyewe, kisha kunja katikati uziache zijisokote upande wa pili. Funga fundo sentimita 3 kutoka mwisho, chambua nyuzi zilizobaki ziwe shada. Pitisha ncha ya ulimi kwenye tundu la kishungi, pale kilipokunjwa, izungushe shingo ya tundu hilo, uichomeke chini yake yenyewe na kukaza. Fundo hilo la ulimi likianza kuteleza, kata ncha iliyolainika na ufunge upya. Ulimi ukipungua sana, badilisha ulimi mzima.