Mwanza, Bukoba, Musoma au Ukerewe: namna ya kuchagua mji wa ziwani

Wengi wanaotafuta mji wa kuhamia kando ya Ziwa Victoria huanza na mandhari. Anza na mvua. Upepo wa mashariki huvuka ziwa ukizoa unyevu na kuushusha ng'ambo ya magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Mwanza kama nusu yake, na Musoma pungufu ya hapo. Bukoba utakula ndizi mwaka mzima, na senene kuanzia Novemba, lakini nguo huchelewa kukauka na kuta hupiga ukungu. Musoma jua ni la uhakika, ila bustani bila kumwagilia haistawi. Kwa matembezi tu, nenda popote kati ya Juni na Agosti.

Kwa kuishi na kufanya kazi, chaguo letu ni Mwanza: kuna hospitali ya rufaa ya Bugando, uwanja wa ndege na soko kubwa la samaki la Kirumba Mwaloni. Kazi ngumu ni kupata mtaa. Nyumba za mlimani zina upepo mzuri na ziwa lote unaliona, lakini usilipe kodi kabla ya kukagua mambo haya. Fungua bomba saa 12 asubuhi, wakati kila mtu anachota, uone kama maji yanapanda. Tazama kama gari la maji na la kunyonya majitaka yanafika getini. Kisha uliza kina cha shimo la choo, na umuulize mpangaji, si dalali. Penye mwamba wachimbaji hukwama futi chache tu, shimo likajaa mapema, na wako wanaosubiri mvua kubwa ili walifungulie literemke na maji. Ukipanga bondeni chini ya nyumba za namna hiyo, uchafu huo unaishia kwako. Fuata mfereji kwa miguu mpaka ujue unatokea wapi.

Ufukweni kuna mtego mwingine. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo kiwanja cha bei ya kutupa kilichogusana na maji kinaweza kukuletea bomoabomoa. Tena ziwa lenyewe hupanda: mwaka 2020 lilifurika na kuingia kwenye nyumba na mashamba ya pwani. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za majirani. Kiwanja kikiwa na matete, achana nacho hata kama siku hiyo ni kikavu.

Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vimelea wanaotoka kwao hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Watoto wasioge humo, na maji ya ziwa usiyanywe bila kuchemsha. Kuzunguka mwezi mwandamo, wadudu wadogo huibuka ziwani kama moshi na kufuata taa. Hawaumi, ila watajaa kwenye chakula. Madirisha ya upande wa ziwa yawe na wavu wenye matundu madogo sana, na mbu nao watazuiwa.

Usafiri umebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo safari ya Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko. Bukoba bado inafikika kwa meli ya usiku pia, na Musoma ni kilomita zipatazo 220 kwa lami. Kisiwa cha Ukerewe ndiko penye utulivu wa kweli. Unafika Nansio, mji wake mkuu, kwa meli kutoka Mwanza, au kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko cha Rugezi. Kabla ya kupanda, jua makoti ya kuokolea yako wapi na uhesabu kwa macho kama yanatosha. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa, kilikuwa kimezidisha abiria. Ukikuta chombo kimejaa, shuka, hata kama nauli umeshalipa.