Mstaafu, anza na gata kabla ya vuli

Wastaafu wenzangu mnaokarabati nyumba ya shambani, kabla ya kununua mbegu au vifaranga, fungeni gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba likipata milimita 20 linashusha lita 1,200. Hata ukitoa yanayomwagika, karibu lita 1,000 zinabaki, na hiyo ni mvua moja tu.

Kinachosahaulika sana ni maji ya mwanzo. Hayo ndiyo yanayoosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege, hayafai kabisa kuingia kwenye simtanki. Kabla bomba halijafika kwenye tangi, weka tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T), kisha shusha kipande cha bomba la inchi 4 chenye kizibo cha kufungua chini. Kikishajaa maji machafu, yanayofuata yanapita juu kwenda kwenye tangi. Kila mita ya bomba hilo inabeba karibu lita 8 tu, kwa hiyo weka refu kadiri ukuta unavyoruhusu. Mvua ikikatika, fungua kizibo umwage.

Tangi la lita 2,000 likijaa lina tani mbili za maji, basi msingi uwe wa zege au mawe yaliyojengwa vizuri. Mdomoni funga wavu wa mbu. Kupanda paani mwachieni kijana, tafadhali. Kuanguka kwa umri wetu ni kuvunjika nyonga. Ya kunywa yachemsheni.