Kujiandaa kwa msafara wa baiskeli wa hisani: vilima, mvua na ahadi za wachangiaji

Watu wakishajiandikisha kwa msafara wa baiskeli wa kuchangisha fedha, swali lao la kwanza huwa ni milima: nitaipandaje? Kushuka hawakuulizi. Mimi huwa nyuma kabisa ya msafara na pampu na vyombo vya pancha, na siku ya mvua ninaowakuta wamekaa kando ya njia wakishika goti, karibu wote wameangukia kwenye mteremko. Mlima utakuchosha tu. Ukikushinda, shuka usukume. Hakuna mchangiaji atakayekudai pesa zake kwa hilo.

Basi anza na breki, siku kadhaa kabla. Tazama raba zake: kama mifereji imeisha, badilisha. Kama haijaisha, chukua pini uchokoe vijiwe na vipande vya chuma vilivyojichimbia humo, maana ndivyo vinavyokwangua rimu. Kwa baiskeli ambazo breki zake hubana rimu, ujue kwamba rimu ikilowa, mizunguko ya kwanza ya gurudumu inafuta maji tu. Breki hushika baadaye. Kwa hiyo unapoanza kushuka, ziguseguse mapema, kabla hujazihitaji. Breki za diski, zile zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, zina nafuu, lakini tairi lako bado liko juu ya utelezi uleule.

Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukishaingia, achia breki, kanyaga pedeli ya upande wa nje iwe chini kabisa na uzito wako uwe hapo, macho yatazame unakoelekea. Mistari iliyopakwa rangi, mifuniko ya chuma na majani yaliyolowa vipite ukiwa umenyooka, bila kubana breki. Dimbwi likwepe ikiwa nafasi ipo, hujui shimo lake lina kina gani. Aliye mbele yako mwachie nafasi kubwa kuliko siku ya jua, hata kama mna maneno matamu ya kuzungumza.

Kuhusu kupanda sina mengi. Weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, si katikati mnyororo ukiwa umekazwa, kisha kaa kwenye kiti. Ukisimama kwenye pedeli, gurudumu la nyuma hupungukiwa uzito na kuanza kuteleza.

Pancha utapata, au jirani yako atapata. Mvua huzoa changarawe na vigae na kuvileta pembeni mwa barabara, na raba ya tairi iliyolowa hukatika kirahisi. Beba tyubu mbili nzima; gundi ya kiraka haishiki vizuri kwenye maji, kwa hiyo kiraka kiache cha nyumbani. Kabla hujaweka tyubu mpya, tafuta kilichotoboa ile ya kwanza. Vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi havihisi kitu, basi pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi zima. Kitakaponasa, mwiba uko hapo. Ukiruka hatua hii tutaonana tena baada ya kilima kinachofuata.

Nguo za pamba ziache. Zikilowa hubaki zimelowa na hunyonya joto la mwili. Sufu nyembamba au kitambaa cha michezo ni bora, na koti la mvua livae ukiwa kileleni, kabla ya kushuka, kwa sababu jasho la kupandia ndilo litakalokutetemesha kwenye upepo. Kofia nyepesi yenye ukingo chini ya helmeti huzuia matone machoni. Na tafadhali funga madigadi ndefu ya nyuma. Hiyo ni kwa faida ya anayekufuata, ambaye mara nyingi ni mimi.

Kula kidogo kidogo na unywe hata kama husikii kiu. Kwenye baridi watu husahau. Ukimwona mwenzako anatetemeka bila kukoma, au maneno yanamkwama mdomoni, msimamishe, mtafutie pa kujikinga na nguo kavu, na umwite msimamizi. Usikubali akikwambia yuko sawa.

Sasa ahadi. Ukiomba mchango, eleza wazi ni wa jumla au wa kila kilomita, na mkubaliane mapema itakuwaje waandaaji wakifupisha njia kwa sababu ya dhoruba. Mimi napendelea wa jumla: hauna hesabu wala ubishi. Mwambie mchangiaji fedha zinakwenda kwa nani na kama kuna gharama zinazokatwa. Asipouliza, mwambie vilevile. Wanaoweza kutoa kabla ya siku yenyewe, pokea na uandike. Waliobaki waandikie jioni ileile, ukishaosha baiskeli, kukausha mnyororo na kuutia mafuta, na uwatumie picha yako ukiwa na tope hadi kwenye nyusi. Ukingoja wiki ipite, utaanza kuwakumbusha kama mdai.