Unabeba majeruhi kwa gari lako? Soma bima yako kwanza

Kwa wanaojitolea kwenye vikundi vya uokoaji hapa Tanzania na kubeba majeruhi kwa magari yao: leo, kabla simu ya usiku haijaita, toa hati ya bima na utafute sehemu ya matumizi ya gari. Magari mengi yamekatiwa bima ya matumizi binafsi, na kubeba watu kwa malipo hakumo. Hapo ndipo penye utata: ukipewa "hela ya mafuta" na ndugu wa mgonjwa, kampuni ya bima inaweza kudai ulikuwa unabeba watu kwa malipo. Iulize kampuni kwa maandishi, na jibu lao ulitunze.

Bima ndogo, ile ya lazima, hailipi gari lako likipinduka. Bima kubwa inalipa, ila kwa matumizi yaliyoandikwa tu. Uliza pia kama majeruhi uliyempakia analindwa; wengi hatulikumbuki hilo. Viongozi wa kikundi nao waulizwe: bima yao inakulinda wewe peke yako, au na gari? Mara nyingi ni wewe tu. Uhai wa bima yenyewe unahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.